Mkono Uliobaki Chini

Mikono elfu nne ilipanda juu kwa mara moja, na mmoja ukabaki chini.

Ilikuwa Jumatatu, saa nane mchana, katika uwanja wa ndani wa kiwanda cha nguo, baina ya ghala la pamba na karakana ya rangi. Mashine zilikuwa zimezimwa, jambo lililotokea kwa nadra sana, na watu walikuwa wamekaa chini safu kwa safu, wanaume upande wa ghala, wanawake upande wa karakana. Katibu wa tawi la Chama alisimama jukwaani na karatasi iliyokwisha kupigwa chapa tangu Ijumaa. Karatasi hiyo ilisema kwamba wafanyakazi wote wa kiwanda, kwa kauli moja na bila kushurutishwa na mtu, wanamwomba Mwenyekiti wa Chama akubali kuwa Mwenyekiti wa maisha. "Wanaokubali wanyoshe mikono," akasema, na mikono ikapanda kwa mvumo wa mashati mengi yanayosuguana.

Mwanamke mmoja aliyeitwa Macho aliunyosha wake kama wenzake. Waliomwita hivyo walimwita kwa kazi yake: alikuwa mkaguzi wa vitambaa. Kutwa nguo ilipita mbele yake juu ya meza yenye taa chini yake, naye alitakiwa auone uzi mmoja uliokatika kati ya nyuzi elfu. Kwa hiyo haikuwa ajabu kwamba yeye ndiye aliyeona kwanza. Safu ya kumi na moja, upande wa wanaume, pembeni, palikuwa na pengo. Akatazama nani amekaa hapo penye pengo. Alikuwa mume wake.

Mume wake alikuwa mtu wa boila, na kiwanda kizima kilimwita Boila tu. Alikuwa amekaa, viganja vyake viwili vimelala juu ya magoti. Hakuwa amenuna wala kukunja uso. Alitazama mbele kama mtu anayengoja zamu yake kwa kinyozi.

"Nyosha," Macho akanong'ona, ingawa kati yao palikuwa na umati. "Nyosha, jamani. Mara moja tu."

Katibu alikuwa akipitisha macho juu ya safu. Akafika pale, akasita. "Wanaokubali?" akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Mikono iliyoanza kulegea ikajinyosha upya. Ule mmoja haukutikisika. Waliokaa karibu na Boila wakajisogeza, huyu huku, yule kule, mpaka akabaki peke yake katikati ya duara la saruji tupu, kama mtu mwenye ndui.

"Kwa kauli moja!" Katibu akasoma, na watu wakapiga makofi.

Hawakumkamata palepale, na sababu yake haikuwa huruma. Moto wa boila ulikuwa umepunguzwa kwa ajili ya mkutano, na katika zamu ile hakuna mwingine aliyejua kuupandisha. Basi wanaume wawili wenye mashati meupe wakakaa kwenye benchi la chumba cha boila wakitiririkwa na jasho, wakimwangalia akitia makaa, akisoma geji ya mvuke, akifungua hapa na kufunga pale. Mmoja aliomba maji, Boila akampa kwa kikombe chake mwenyewe. Alipofika mwenzake wa zamu ya pili, akamkabidhi koleo, akanawa mikono mpaka viwikoni, akawaambia, "Haya, waungwana. Twendeni."

*

Walikaa katika nyumba za kiwanda: vyumba viwili, mlango wenye namba, ukuta mmoja na jirani. Jioni ile jirani, ambaye siku zote alibisha ukutani kuomba chumvi, hakubisha. Ndani walikuwa wanawake watatu. Macho; mama yake Boila, ambaye wote walimwita Bibi; na binti yao wa pekee, mpiga chapa katika ofisi ya utawala, ambaye vidole vyake ndivyo vilivyoipiga ile karatasi ya Katibu.

Redio ilisoma habari. Wafanyakazi wa kiwanda cha nguo, ikasema, wamekubali kwa kauli moja.

"Mnasikia?" Bibi akasema kwa furaha. "Redio inasema wote. Basi wanamtakia nini mwanangu, kama wote wamekubali?"

"Ndiyo maana wanamtaka, Bibi," binti akajibu. "Redio ikishasema, haiwezi kuwa imesema uongo. Lazima baba ndiye awe uongo."

"Wewe mtoto una mdomo." Bibi alikuwa mtu wa Chama tangu enzi za kupigania bendera. Kadi yake aliihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni, na ule mfuko ndani ya kitambaa. "Mwenyekiti mwenyewe nilishikana naye mkono. Huu hapa. Hawezi kumla mtoto wangu kwa jambo dogo. Hawa wa chini ndio wanaoharibu, yeye hajui." Kisha akapiga paja. "Bega! Si ana bega bovu? Tangu alipoangukiwa na bomba. Waambieni hakuweza kuunyosha. Nani atamfunga mtu kwa ugonjwa?"

Macho na bintiye wakatazamana. Boila alikuwa na bega bovu, hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba kwa bega hilohilo alitia makaa kutwa, na kwamba ana bega la pili.

"Mtu akizama hushika hata unyasi," Macho akasema. "Kesho nitakwenda kwa Katibu."

*

Katibu alimsubirisha kwa muda wa saa nne kwenye ukumbi usio na kiti. Watu aliowajua miaka kumi walipita mbele yake wakisoma mabango ya ukutani ambayo walikwisha kuyasoma. Mwishowe mlango ukafunguliwa.

"Karibu, dada. Samahani kwa kukuchosha." Alikuwa mtu mwenye sauti laini na mashavu yaliyonyolewa vizuri. "Wewe uliunyosha. Nilikuona. Na sasa hebu unyoshe tena."

"Niunyoshe nini, Ndugu Katibu?"

"Mkono. Nataka nione tu."

Macho akaunyosha. Wakati uleule simu ikalia. Katibu akaipokea, akageuza kiti chake kuelekea dirishani, akaanza kuzungumza habari za mabati, za harusi ya mtu fulani, na za gari lililokwama. Macho akabaki amesimama, mkono juu, katikati ya chumba. Hakujua kama ameruhusiwa kuushusha. Mlangoni karani aliingia na faili, akamwona, akatoka kwa kunyata. Mkono ulianza kufa ganzi, kisha kutetemeka, na yeye akaushika kwa mkono wa pili ili usianguke. Katibu alipoweka simu chini alimtazama kana kwamba amesahau.

"Kazi ngumu?"

"Si ngumu, Ndugu Katibu."

"Shusha." Akatabasamu. "Unaona? Hata mtoto anaweza. Mume wako amenitia aibu, dada. Si mimi tu, amekitia aibu kiwanda. Makao makuu wameshasikia, na Jumamosi wanamtuma mgeni. Mkutano utarudiwa mbele yake."

Macho akataja bega. Alidhani atachekwa, lakini Katibu aliegemea mbele na macho yakamng'aa kama mtu aliyetupiwa kamba.

"Bega! Vizuri sana. Lete barua ya daktari. Jumamosi atapanda jukwaani, ataisoma mwenyewe, atasema bega lilimzuia ila moyo wake uliunyosha. Kisha atanyosha mkono wa kushoto, wa kwanza kabla ya watu wote. Jioni atalala kwake."

"Na akikataa?"

"Akikataa, machimbo ya mawe, miaka kumi. Na Jumatatu nyumba ya kiwanda itahitaji mfanyakazi mwingine wa kiwanda. Mama mkwe wako ana miaka mingapi?"

"Sabini na mbili."

"Mkubwa," Katibu akasema kwa masikitiko, akafungua faili jingine.

*

Daktari wa zahanati hakuuliza mengi. "Bega gani?"

"La kulia."

"Anatia makaa tani ngapi kwa siku?"

"Sijui, daktari."

"Mimi najua. Tani tatu." Akavuta karatasi. "Nitaandika. Nimeandika wazima wengi kuwa wagonjwa, na wagonjwa wengi zaidi kuwa wazima. Kalamu yangu imezoea." Aliandika mistari minne, akagonga mhuri. Kisha akainuka, akachungulia nje, akaufunga mlango. Macho alifikiri anataka hongo. Daktari akainama karibu naye na kuuliza kwa sauti ya chini kabisa:

"Niambie. Hivi kweli hakuunyosha? Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Na hakuna kilichotokea? Pale pale, nasema. Hakikutokea kitu?"

"Watu walipiga makofi, mkutano ukaisha."

"Lahaula," akasema daktari, na kwa muda alisahau kumpa barua.

Hakuwa peke yake. Tangu Jumanne Macho alikuwa kama mgonjwa wa kuambukiza, hakuna aliyesimama naye. Ila kila alipokuwa peke yake, palitokea mtu wa kumnong'oneza. Bombani mwanamke asiyemjua alimsaidia kujitwisha ndoo, akauliza, "Ni kweli?" Mlinzi wa lango, aliyempekua kila siku bila kumtazama usoni, aliuliza, "Ni kweli, mama?" Hakuna aliyetaka kujua Boila yuko wapi au anakula nini. Walitaka kujua jambo moja tu, na walipokwisha kujibiwa waliondoka taratibu, kama watu waliobebeshwa kitu cha kuvunjika.

Katika meza ya pili ya ukaguzi alikaa shoga yake, mwanamke mnene aitwaye Kicheko, ambaye hakuna jambo aliloshindwa kulifanyia mzaha. Siku mbili Kicheko hakusema neno. Jumatano, mashine zikinguruma kiasi cha kuficha sauti, akasogeza kigoda.

"Shoga, nisamehe. Alikuwa amekaa vipi hasa?"

"Kama watu wanavyokaa."

"Mikono wapi?"

"Juu ya magoti."

"Hivi?" Kicheko akaweka viganja vyake juu ya magoti yake makubwa, akakaa hivyo, mgongo umenyooka. Nguo ikapita mezani kwake bila kukaguliwa, mita moja, mita mbili. "Si vigumu," akasema polepole, bila mzaha wowote, kama mtu anayetia kidole majini aone kama ni ya baridi. Kisha akarudi kwenye kazi yake.

Alhamisi, kantini, Macho alisimama na sahani yake akitafuta pa kukaa. Meza zote zilijaa. Watu walikuwa wamemaliza kula na walikuwa wakingoja king'ora. Na pale, bila kuambiwa na mtu, jicho lake la kutafuta uzi uliokatika likaona jambo ambalo hakulielewa. Fundi wa mitambo alikuwa amekaa na viganja juu ya magoti. Msichana wa idara ya uzi, vilevile. Wapakiaji watatu mfululizo, vilevile. Hakuna aliyemtazama mwenzake, na hakuna aliyesema lolote. Alijiambia kwamba watu hukaa hivyo siku zote, na kwamba ni yeye tu hakuwa ametazama.

*

Siku hiyohiyo Bibi alijifunga kitambaa chake kizuri, akachukua kadi, akaenda makao ya Chama ya wilaya bila kumuaga mtu. Alirudi saa kumi, kwa miguu. Macho alimkuta amekaa kitandani na viatu vyake mkononi.

"Umewaona, mama?"

"Nimemwona kijana. Mjukuu wangu mkubwa kuliko yeye." Bibi alizungumza na ukuta. "Nikampa kadi. Akaigeuza, akasema, bibi, kadi hizi zilifutwa zamani, mwenye kadi hii si mwanachama. Nikamwambia, kijana, wakati napewa hii baba yako alikuwa hajatahiriwa. Wakacheka wote. Walicheka sana, unajua, vizuri tu, kama watu wanaomcheka mtoto. Mmoja akaninunulia soda."

"Ukanywa?"

"Nilikuwa na kiu," Bibi akasema, na uso wake ukakunjamana kwa aibu ambayo Macho hakuwahi kuiona kwake katika miaka ishirini na mitatu ya kuwa mkwe wake.

*

Ijumaa asubuhi walimruhusu kumwona. Chumba kilikuwa na meza, viti viwili, na askari mmoja mlangoni aliyekuwa akimenya karanga. Boila alikuwa amevimba mdomo, na jicho moja lilifunguka nusu.

"Wamekupiga."

"Nimejikwaa," akasema. "Mara tatu. Sakafu yao mbaya." Kisha, "Boila inaendaje?"

"Boila! Mimi nakufa, mama yako anakufa, wewe unauliza boila!"

"Yule wa zamu ya pili huzidisha maji. Mwambie."

Macho akaweka barua ya daktari mezani, akamweleza yote: bega, jukwaa, mkono wa kushoto, machimbo, nyumba. Alieleza haraka, kwa ukali, ili asilie. Alipomaliza, akasema, "Sasa niambie kwa nini. Mimi mkeo. Niambie."

Boila alifikiri. "Nilitaka kuunyosha. Nilikuwa nimeshauinua kidogo. Akasema 'wa maisha', nikajiuliza: maisha ya nani? Yake au yangu? Nikaanza kupiga hesabu, yeye ana miaka mingapi, mimi mingapi. Kabla sijamaliza, wote mmeshanyosha. Nikaona, nikinyosha sasa, wataniuliza kwa nini nimechelewa."

Macho alicheka bila kutaka. Askari naye akakohoa, ganda la karanga likamtoka. Lakini Boila aliacha kutabasamu, akapunguza sauti.

"Hayo ni maneno. Ukweli wenyewe, niliangalia mikono ile yote, nikaona tumekaa kama watu waliovamiwa na jambazi. Mikono juu! Watu elfu nne, na jambazi mmoja, na hata bastola hakushika, kashika karatasi. Nikashindwa. Si ushujaa, Macho. Mkono ulikuwa mzito."

"Na wangu ulikuwa juu."

"Niliuona. Nikashukuru. Nilisema afadhali, mmoja wetu atarudi nyumbani."

Alisema hivyo bila kumlaumu, na ndiyo maana lilimchoma kuliko lawama. Akajifuta pua kwa upindo wa nguo. "Basi utafanya? Kesho?"

Boila aliitazama barua, akaikunja. Mikono yake mikubwa, iliyokolea makaa kwenye mistari, ilionekana imezeeka kwa siku nne. "Nitafanya. Mama hawezi kulala barabarani. Nitaunyosha, nitasoma, watanichekelea, yatakwisha. Mtu hawezi kushindana na tembo kwa kunya."

Macho alitoka pale ameshusha pumzi. Amepona mume, imepona nyumba. Alitembea hatua mia hivi, ndipo akatambua kwamba analia, na kwamba si kwa furaha. Kwa siku nne alikuwa mke wa mtu ambaye watu walimnong'onea kwa heshima, na leo yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda kumrudisha katika safu.

*

Jumamosi jua lilikuwa kali. Zamu zote tatu ziliitwa, hata waliotoka kazini asubuhi, na uwanja ukajaa mpaka kwenye ngazi za ghala. Jukwaani waliweka zulia, maua ya karatasi, na kiti cha mgeni kutoka makao makuu, mzee mwembamba mwenye miwani aliyekuwa akijipepea kwa bahasha. Vipaza sauti vilifungwa pembe nne. Walisema sauti itasikika mpaka karakana ya reli, ng'ambo ya barabara.

Walimpandisha Boila. Alikuwa amevalishwa shati jipya lenye mikunjo ya dukani. Watu walipomwona ule mdomo, mguno ulipita uwanjani, ukafa. Akasoma barua ya daktari kwa sauti ya mtoto anayesoma ubao: bega la kulia, kutokana na ajali, halina uwezo. Kisha akasoma karatasi ya pili, ambayo bintiye aliipiga chapa usiku uliopita mbele ya Katibu: "Mkono wangu ulishindwa, lakini moyo wangu uliunyosha. Namwomba msamaha Mwenyekiti, na wenzangu."

Mgeni akatikisa kichwa kwa kuridhika. Katibu akashika kipaza sauti, uso wake umelowa.

"Wenzangu! Mmesikia kwa masikio yenu. Sasa tumthibitishie mgeni wetu umoja wetu. Wanaokubali Mwenyekiti awe wa maisha, wanyoshe mikono!"

Boila akanyosha mkono wa kushoto.

Macho alikuwa ameshaazimia. Alikwisha kujiambia, nitanyosha wa kwanza kati ya wanawake, nimpe nguvu, asiwe peke yake. Mkono wake ukaachana na goti. Ukapanda kiasi cha upana wa kiganja. Hapo akahisi kitu kama hewa imetoka uwanjani, akageuza shingo.

Hakuna mkono.

Alitazama safu yake: Kicheko, viganja juu ya magoti, macho mbele, jasho likimtiririka shingoni. Safu ya mbele: migongo imenyooka. Upande wa wanaume: wapakiaji, mafundi, watu wa rangi wenye kucha za bluu, wafagizi, makarani. Kwenye ngazi za ghala, wamekaa daraja kwa daraja. Wote wameketi vilevile. Aliwakagua kama anavyokagua nguo, kutoka pindo hadi pindo, akitafuta uzi mmoja uliokatika, na hakuuona. Elfu nne na zaidi. Alisikia bendera ikigonga mlingoti. Alisikia njiwa wakitembea juu ya bati la karakana. Hakuwahi kujua kwamba watu wengi namna ile wanaweza kunyamaza, wala kwamba kimya kina uzito, kama pamba inapolowana.

Nywele zikamsimama. Si hofu tu, ingawa hofu ilikuwepo. Ilikuwa kama siku alipomzaa bintiye na kwa mara ya kwanza kuona kile alichokuwa amekibeba miezi yote bila kukiona. Mkono wake ukarudi chini wenyewe, ukalala juu ya goti.

"Wanaokubali!" vipaza sauti vikalia.

Mkono wa Boila ulikuwa bado juu, mmoja tu katika uwanja wote. Aliwatazama wenzake. Jicho zima likapita juu yao safu kwa safu, polepole, na mdomo wake uliovimba ukafunguka kidogo. Kisha akaushusha mkono, kwa uangalifu, kama mtu anayetua mtungi uliojaa.

"Hamsikii?" Katibu akapiga kelele. "Nimesema wanaokubali! Haya, wanaokataa! Nani anakataa? Anyoshe mkono tumwone!"

Hakuna aliyenyosha. Hapo ndipo Katibu alipoishiwa na maneno, kwani hakuna karatasi iliyomfundisha la kufanya na watu ambao hawakubali, hawakatai, wamekaa tu. Mgeni aliacha kujipepea. Akainuka, akamnong'oneza Katibu kitu, akashuka ngazi za nyuma akilishika zulia lisimtege. Gari lake likasikika likiwaka, likiondoka. Wanaume wenye mashati meupe wakasimama kila upande wa Boila, wakawatazama watu, wakatazamana. Mmoja wao, yule aliyepewa maji, akarudi nyuma hatua moja. Boila akashuka jukwaani peke yake. Safu ya kumi na moja ikamfanyia nafasi, akakaa.

*

Yaliyofuata hayakuwa mepesi. Jumatatu malori ya askari yaliingia kiwandani. Watu thelathini na mmoja walichukuliwa, Boila akiwa wa kwanza. Alikaa miezi saba, akarudi na kikohozi, na watatu kati ya wale hawakurudi. Familia ilitolewa katika nyumba ya kiwanda, wakahamia chumba kimoja kwa binamu. Redio ilisema mkutano ulikubali kwa kauli moja. Wapelelezi walihoji watu mia sita wakitafuta aliyepanga, na hawakumpata, kwa sababu kila mtu alijibu vilevile, na wote walisema kweli: "Nilidhani mwenzangu atanyosha." Lakini sherehe ya Mwenyekiti wa maisha iliahirishwa mara moja, kisha mara ya pili, kisha haikutajwa tena, na kila walipoitwa mkutanoni, viongozi waliacha kuomba mikono.

Siku ile ya Jumamosi hayo yote yalikuwa bado. King'ora cha saa kumi kililia, na watu waliendelea kukaa, hawakujua wafanye nini na kitu kikubwa namna hiyo. Kisha mmoja akainuka, akajipangusa vumbi, na wote wakainuka, wakaelekea langoni kwa mwendo wa kawaida. Mlinzi alifungua milango yote miwili na hakumpekua mtu. Macho alitembea kati ya mume wake na bintiye. Boila alikuwa akihema kama aliyepanda mlima.

Nje, ukingoni mwa barabara, Bibi alikuwa ameegemea nguzo ya taa. Alikuwa amesikia yote kwa vipaza sauti. Alimpapasa mwanawe usoni, akapita juu ya jicho lililovimba, akamshika Macho mkono.

Ng'ambo ya barabara, nyuma ya seng'enge ya karakana ya reli, zamu nzima ilikuwa imetoka nje. Walisimama wakiwa na ovaroli za grisi, mamia kwa mamia, vidole vimeshika waya, kimya, wakiwatazama. Mbele zaidi, kwenye ngazi za hospitali, wauguzi walikuwa wamejipanga kwa sare nyeupe. Kwenye maghorofa ya posta kila dirisha lilikuwa na kichwa. Na barabara yenyewe, kutoka kona ya kiwanda cha sabuni mpaka inapopotelea mjini, ilikuwa na watu pande zote mbili, na wengine walikuwa wakiendelea kutoka kwenye vichochoro, wakisimama pale walipofika, bila bango, bila wimbo.

Bibi alikaza macho yake hafifu.

"Mwanangu," akauliza, "watu wote hawa wametoka wapi?"

"Hawajatoka popote, mama," Boila akajibu. "Walikuwepo."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Bibi akauvuta kando upindo wa kitambaa chake, akasema, "Basi nisogeze mbele. Nataka niwaone vizuri."